Duara la Mafuta

Kopo lilikuwa limepasuka kitako, lakini kofia lilikuwa bado limeivaa.

Mkaguzi alilitoa kwenye mfuko wa nailoni, akalilaza juu ya gazeti kwenye meza ya bati, akawa analizungusha taratibu kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, yale ya kupuliza, ambayo mpishi hubonyeza juu na mafuta yakatoka kama ukungu. Kitako cha kopo la namna hiyo hutengenezwa kikiwa kimebonyea kwa ndani. Hiki kilikuwa kimetoka nje na kufunguka upande mmoja, kama mdomo wa mtu aliyeambiwa habari asiyoitarajia. Rangi ya ubavuni ilikuwa imebabuka. Kichwani, kofia ya plastiki nyekundu ilikuwa imelainika kwa joto, ikalala juu ya kipulizio na kugandana nacho.

Alijaribu kuivua kwa vidole viwili. Ikagoma.

"Aliyeliokota kopo hili Jumanne alilitazama?" aliuliza.

"Alilitia mfukoni," alijibu Meneja wa kiwanda, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa kantini kama mgeni kwenye jiko lake mwenyewe. "Hivi, mzee, la kutazama lipi? Ripoti ya vijana wako si imeshaandikwa? Mpishi kapuliza mafuta motoni, moto ukamrudia. Kinachosubiriwa ni sahihi yako tu. Saa tisa tuna kikao naye cha nidhamu."

"Mtamfanya nini?"

"Uzembe uliosababisha moto ni kufukuzwa. Kanuni hazina mjomba wala shangazi."

"Amefanya kazi miaka mingapi hapa?"

"Ishirini na miwili. Mwakani alikuwa astaafu."

"Basi sahihi yangu itachelewa kidogo," alisema Mkaguzi. Alifungua daftari lake, akaandika neno moja, *Kofia*, akalipigia mstari.

Kwenye kikosi cha zimamoto walimwita Pua, tena mbele ya uso wake, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiingia kwenye majengo yaliyoungua na kunusa kwanza kabla ya kuuliza. Alikuwa na msemo wake kwamba moto hauna haya, unakuonyesha kila ulipopita. Binadamu ndiye anayefuta nyayo. Aliirudia ripoti ile kichwani. Jumanne, kabla ya adhuhuri, kantini ya kiwanda cha nguo, mlipuko mmoja, moto mfupi uliozimwa kwa mtungi wa kuzimia moto. Majeruhi mmoja, mpishi mkuu, mwanamke. Shahidi mmoja, mtunza stoo. Shahidi huyo alisema kwa kinywa chake kwamba alimwona mpishi akipuliza mafuta kwenye sufuria iliyokuwa juu ya moto.

Sasa, mtu hapulizi mafuta huku kofia imefunikwa. Hata mtoto anajua.

Mkaguzi alimgeukia Meneja. Alimwomba amwitie huyo mtunza stoo.

Wakati akisubiri alilizunguka jiko. Alikuwa ameona majiko mengi ya kulishia watu mia tatu, lakini nadhifu kama hili hakuwa amepata kuona. Kila kitu kilikuwa na mahali pake palipochorwa. Kwenye rafu za ukutani palikuwa na maduara ya rangi ya njano, na chini ya kila duara neno kwa herufi kubwa: CHUMVI. SUKARI. MAJANI YA CHAI. UNGA. HAMIRA. Visu vilikuwa na vivuli vyake vilivyochorwa ukutani, kikubwa kwa kidogo. Hata ufagio ulikuwa na duara lake sakafuni.

Upande wa jiko la gesi ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi tangu usawa wa kiuno hadi darini. Katikati ya weusi ule, usawa wa kichwa cha mtu, palikuwa na michirizi miwili myeupe iliyosimama wima, mmoja huku na mwingine kule, urefu wa shibiri kila mmoja. Mkaguzi aliupapasa wa kushoto, akahisi uvimbe mdogo chini ya kidole. Ilikuwa puti, ile ya kuzibia matundu. Akanusa. Puti mbichi.

Akatazama juu. Darini, sawasawa na nafasi kati ya michirizi ile miwili, palikuwa na tundu la mviringo, upana wa kitako cha glasi.

"Karibu sana, mkuu," ilisema sauti nyuma yake.

Mtunza stoo alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, kalamu tatu mfukoni zikiwa zimepangwa kwa urefu. Wafanyakazi wote walimwita Kituo. Meneja alishacheka akilieleza jina hilo: miaka mitatu nyuma kiwanda kilimpeleka semina ya wiki mbili ya kupanga sehemu za kazi, akarudi na cheti, kopo la rangi ya njano na msemo mmoja, "Kila kitu na kituo chake." Tangu hapo hakuna kijiko kilicholala nje.

"Kazi ya mkono wako hii?" Mkaguzi aliuliza, akionyesha maduara.

Uso wa Kituo ulichanua. "Yote. Mtu akitoa kitu, akirudishe kwenye duara. Asiporudisha, namwandika. Mara tatu, anakwenda kwa Meneja."

"Mpishi umewahi kumwandika?"

"Mara mbili, mwanzoni. Baadaye akazoea."

"Niambie ulichoona Jumanne."

Kituo alisimama wima kama mwanafunzi anayesoma shairi. "Nilikuwa mlangoni mwa stoo. Nikamwona amesimama mbele ya jiko, kopo mkono wa kulia, anapuliza kwenye sufuria. Moto ukapanda kwenye ule ukungu, ukarudi kwenye kopo, likalipuka."

"Likiwa mkononi mwake?"

"Mkononi."

"Na kofia alikuwa ameiweka wapi?"

"Kofia gani, mkuu?"

"Tuiache hiyo. Hapa ukutani palikuwa na nini?" Aliweka kidole kwenye mchirizi mweupe.

"Hapo? Hapakuwa na kitu. Ukuta tu." Kituo alitoa leso akafuta shingo. "Mimi nadhani makopo yenyewe ni ya bandia, mkuu. Siku hizi vitu vya bandia vimejaa. Ungeyachunguza makopo."

"Umenikumbusha vizuri. Niletee matatu, ya katoni ileile."

Makopo yalikuja kwenye sinia. Kila moja lilikuwa limezungushiwa karatasi nyeupe ya gundi yenye namba, tarehe na neno JIKONI kwa mwandiko mzuri. Mkaguzi alijaza karai maji ya uvuguvugu, ya kiasi cha kumwogeshea mtoto, akayalaza makopo ndani na kuvuta kiti. Kopo linalovuja gesi halifichi. Hutoa mapovu madogo kwenye ukingo au kwenye kipulizio. Alikaa dakika kumi na tano mikono magotini. Hakuna povu hata moja. Akayapima kwenye mizani ya jikoni, uzito ukalingana. Mhuri wa tarehe ulikuwa wa mwaka huu.

"Si ya bandia wala hayavuji," alisema.

Lakini karai lilikuwa limefanya kazi nyingine ambayo hakuituma. Karatasi za Kituo zililowa, moja ikajibandua na kuelea. Chini yake yalitokea maandishi madogo ya kiwandani, meupe juu ya wekundu. Mkaguzi alivaa miwani akasoma kwa sauti:

"'Lina gesi inayowaka. Usiweke karibu na jiko wala chombo chochote cha moto. Lisipate joto zaidi ya nyuzi hamsini. Usitoboe wala kuchoma, hata likiwa tupu. Usipulize kwenye moto.'"

Alimtazama Kituo. Kituo alikuwa anaitazama karatasi yake ikielea.

"Haya ulikuwa umeyasoma?"

"Nilihitaji mahali pa kubandika lebo, mkuu. Pale ndipo palipokuwa na nafasi."

Mpishi alikuwa amefika mapema. Mkaguzi alimkuta nje, kwenye benchi la saruji chini ya saa kubwa ya kiwanda, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi kwenye vidole, sikio la upande huohuo limepakwa dawa ya njano. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho yanayopima. Kiwandani walimwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuwahi kutia chumvi kwa kukisia.

"Shikamoo, dada," alisema Mkaguzi, maana hakuwa na uhakika nani kamzidi mwenzake umri.

"Wewe ndiye wa kuamkiwa, kaka, lakini marahaba, leo nahitaji heshima. Wewe ndiye unayekuja kunifukuza?"

"Mimi ni wa moto. Wa kufukuza wako ndani. Nionyeshe mkono wako wa kulia."

Aliunyosha, akaugeuza. Kiganja kilikuwa kizima kabisa, kina sugu za zamani za sufuria za moto, lakini jeraha jipya hakuna. Mkaguzi alifungua barua ya daktari: kuungua nje ya mkono wa kushoto, bega na sikio. Kopo lililopasuka mkononi halimwachii mtu kiganja kama kile.

"Ulikuwa unafanya nini lilipolipuka?"

"Nakoroga maharage. Sufuria kubwa, ile tunayoiita Tembo. Nimeelekea mlangoni, ukuta uko kushotoni kwangu. Nikasikia *pu!* Nikaona mwanga. Basi."

"Na kopo?"

"Kopo nilikuwa nimelitumia asubuhi, saa kumi na mbili, kupaka trei za mikate. Trei zikiwa baridi, mezani, mbali na jiko. Nipulize mafuta motoni? Mimi? Nimezaliwa jana?"

"Ukishapaka?"

"Nikafunika kofia, nikarudisha kwenye duara lake. Ningeacha nje, shemeji angeniandika."

Mkaguzi aliinua kalamu. "Shemeji?"

"Kituo. Hukuambiwa? Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuja kwangu ana kaptula moja, viraka viwili. Nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, na kazi hii nilimwombea mimi." Aliiweka sawa bandeji. "Nimesomewa aliyoyasema. Nikamuuliza msomaji kama hakukosea ukurasa."

Saa juu yao ilisema saa tano na robo.

"Hilo duara la mafuta liko wapi, dada?"

"Kwenye rafu ya juu ya jiko, ukutani. Ubao mmoja mfupi, peke yake. Zamani nilikuwa na kopo la mafuta na brashi, nikataka liwe karibu nisitembee. Naye akanichorea duara pale: MAFUTA. Mwezi wa tatu tukaletewa haya ya kupuliza. Mafuta ni mafuta, yakaingia kwenye duara lilelile."

"Miezi sita likae juu ya jiko, hukuona chochote?"

Mama Mizani alitazama vidole vyake vinavyochungulia kwenye bandeji. Alijibu bila kukwepa. "Nililiona linapata joto. Joto la mkono, si la kuunguza. Nikapenda. Likiwa na joto mafuta yanatoka laini, likiwa baridi linatema. Kwa hiyo hata mimi nimo, kaka. Andika."

"Nimeandika. Na Jumanne kulikuwa na tofauti gani na siku nyingine?"

Alifikiri. "Feni ya kutolea moshi. Ilikufa Jumatatu mchana. Nilipeleka taarifa, Meneja akaandika juu yake 'Subirini.' Halafu Jumanne zamu zote mbili zilikula pamoja, Tembo ikawa motoni tangu saa moja. Jiko lilikuwa tanuri. Nilikuwa natoka nje kuvuta pumzi."

Mkaguzi alifunga daftari. "Niambie kitu kimoja. Nimetoka humo ndani sasa hivi. Rafu hiyo haipo."

Mama Mizani alimgeukia. Kisha akasema polepole, "Haipo ilikwenda wapi? Ubao una miguu?"

Hilo ndilo swali alilorudi nalo ndani. Wasaidizi wawili wa jikoni walikuwa wamepewa likizo tangu Jumatano asubuhi, na Meneja, alipoulizwa, alisema, "Mimi nakula, mzee, sipiki. Sijui rafu wala rafu mbili." Lilibaki neno la mjane aliyeungua dhidi ya neno la shemeji yake mwenye cheti.

Mkaguzi alisimama tena katikati ya jiko, akageuka polepole, akisoma kuta kama mtu anayesoma daftari la mahudhurio. Chumvi, yupo. Sukari, yupo. Hamira, yupo. Vitambaa vya kupangusia, wapo. Alisoma maduara yote, ishirini na tisa. Katika jiko ambalo hata ufagio ulikuwa na anwani, mafuta peke yake hayakuwa na kwao.

Sasa alihitaji ubao wenyewe. Alijiuliza angeutafuta wapi. Mtu mwingine angeukata kuni, au angeutupa kwenye jalala nyuma ya kiwanda, na mchezo ungeishia hapo. Lakini huyu hakuwa mtu mwingine. Mkaguzi alizifikiria kalamu tatu mfukoni, zilizopangwa kwa urefu.

"Nifungulie stoo," alimwambia Kituo.

"Stoo ni ya vyakula tu, mkuu."

"Nina njaa."

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye rafu pande zote. Kila gunia, kila ndoo, kila boksi lilikuwa na karatasi nyeupe na mwandiko uleule mzuri. Mkaguzi alitembea taratibu, mikono nyuma, akisoma. MCHELE. MAHARAGE. SABUNI. Mwisho kabisa, kwenye kona, palikuwa na sehemu iliyoandikwa VITU VIBOVU. Humo mlikuwa na sufuria iliyotoboka, imeandikwa SUFURIA – IMETOBOKA. Stuli ya miguu mitatu, STULI – MGUU 1 HAUPO. Nyuma ya stuli, ukiwa umesimamishwa ukutani na kufunikwa gunia safi lililokunjwa vizuri, ulikuwepo ubao mfupi wenye vishikio viwili vya chuma. Pembeni ulikuwa umebandikwa karatasi: UBAO – UMEUNGUA. Chini yake, tarehe ya Jumanne.

Mkaguzi alipata kazi ya kuzuia kicheko, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Aliutoa kwenye mwanga. Rangi ya njano ya duara ilikuwa imefura malengelenge. Neno MAFUTA lilisomeka vizuri. Ndani ya duara palikuwa na alama ya pete, imechomeka kwenye mbao, na katikati ya pete ubao ulikuwa umepasuka kuelekea chini kana kwamba umepigwa ngumi. Alileta kopo lililopasuka, akalisimamisha. Ukingo wa kitako ulikaa kwenye pete ile kama kikombe kwenye kisahani.

Kituo aliokota gunia, akaanza kulikunja upya. Jasho lilikuwa limeharibu pasi ya shati lake.

"Usiseme bado," alisema Mkaguzi. "Nataka ukuta useme kwanza."

Alichokonoa puti kwa bisibisi, yakatokea matundu manne. Aliuinua ubao, akausukumia ukutani. Vishikio vikafunika michirizi myeupe bila kubakiza hata unywele, na skrubu ziliingia kwenye matundu yake kama zinarudi nyumbani. Duara lilikuwa sawasawa chini ya tundu la darini. Akapaka mipira ya gesi povu la sabuni kuangalia kama inavuja, akaona ni salama. Akaweka Tembo jikoni, imejaa maji, akawasha moto mkubwa. Kwenye duara alisimamisha kipimajoto peke yake. Kopo hakuliweka; alikuwa na mke na wajukuu.

Kisha akawaita Meneja na Mama Mizani, wote wakakaa upande wa mlangoni. Feni ilikuwa bado mbovu.

Baada ya dakika kumi kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tisa. Baada ya nusu saa, hamsini na nne. Saa ilipotimia, sabini na mbili, na Meneja alikuwa amelegeza tai.

"Kopo linasema lisizidi hamsini," alisema Mkaguzi, akizima gesi. "Jumanne lilikaa hapa karibu saa tano, bila feni. Gesi iliyomo ikapata joto, ikataka nafasi, haikuipata. Ikasukuma kitako. Kitako kikageuka nje, kikafunguka, kopo likaruka juu kwa kishindo na kutoboa dari, na ile gesi na mafuta vikashukia moto wa jiko. Kofia ikiwa kichwani. Hakuna aliyepuliza chochote."

"Basi haya makopo ni mabomu!" alisema Meneja. "Mke wangu analo nyumbani!"

"Analiweka wapi?"

"Sijui. Sipiki."

"Kaulize leo. Ndani ya kopo mna mafuta ya kawaida ya kupikia, na gesi ya kuyasukuma, ndugu ya ile ya kwenye mtungi wa jiko. Ukipuliza kidogo kwenye chombo baridi, mbali na moto, usiinamie kuvuta ule ukungu, gesi inaruka inakwenda zake, yanabaki mafuta. Hapo halina ugomvi na mtu. Mtungi wa gesi umeuweka juu ya jiko?"

"Hapana! Nina wazimu?"

"Hili nalo ni mtungi. Udogo wake ndio unaotudanganya."

Mama Mizani hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anautazama ubao, kisha karatasi iliyobandikwa pembeni, kisha shemeji yake.

"UBAO – UMEUNGUA," alisoma. "Na tarehe umetia."

Kituo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakuiangalia kwanza kama ndiyo mahali pake. "Nilipotoka kukupakia kwenye gari, shemeji, nikaingia humu. Nikaona duara langu. Maduara haya wageni wanaletwa kuyaangalia. Nikasema, wataniuliza nani aliyechora duara juu ya moto. Wataninyang'anya cheti. Nikafungua skrubu. Halafu wakaja wa zimamoto wakauliza imekuwaje, nikasikia mdomo unasema."

"Mdomo ulisema nimepuliza motoni."

"Ulisema hivyo."

"Na ulijua leo saa tisa watanifanya nini."

"Nilijua."

Nje king'ora cha zamu kililia, miguu ya watu mia tatu ikapita uani.

"Ungeuchoma huo ubao," alisema Mama Mizani, "usingepatikana. Leo ningekuwa nabeba virago. Kwa nini hukuuchoma?"

Kituo alifungua mdomo. Kila mtu alijua msemo utakaotoka. Haukutoka. Alijifunika uso kwa viganja.

Kikao kilifanyika saa tisa kamili na kilichukua dakika kumi na nne. Mkaguzi aliulaza ubao mezani, juu ya barua ya kufukuza iliyokuwa tayari imechapwa, akasoma taarifa yake: kopo liliwekwa juu ya jiko kwa mujibu wa alama iliyochorwa, onyo lilifunikwa kwa lebo, feni iliripotiwa mbovu na haikutengenezwa, mpishi aliona kopo linapata joto na hakusema. Kwenye mstari wa feni Meneja alikohoa. Mkaguzi alingoja kikohozi kiishe, akausoma mstari ule tena. Kisha Kituo alisimama kabla hajaitwa, akafuta maelezo yake ya Jumanne kwa kinywa chake mwenyewe. Mama wa ofisi ya utumishi aliichukua barua ile iliyochapwa, akaichana mara mbili. Ya Kituo, alisema, wataikalia Jumatatu.

Walipotoka, Mkaguzi alimkuta Mama Mizani amerudi jikoni. Amesimama mbele ya ukuta mweusi, mkono mmoja kiunoni.

"Kaka, nijibu kama ungemjibu dada yako. Makopo haya, niyatumie au nisiyatumie?"

"Yatumie. Yakae stoo, karibu na mlango, kwenye baridi. Yakitema, yatikise, usiyapashe. Au rudi kwenye brashi yako. Brashi haijawahi kumlipukia mtu."

Aliitikia kwa kichwa, akiwa anapima. Kituo alikuwa amesimama kizingitini na kopo lake la rangi ya njano, hajui aliweke wapi.

"Shemeji," alisema Mama Mizani bila kugeuka. "Ya nyumbani tutayazungumza nyumbani, na hayatakuwa mafupi. Ya hapa ni haya: chukua hiyo rangi, nenda pale mlangoni mwa stoo, uchore duara la mafuta."

"Ndiyo, shemeji."

Kituo alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akachovya brashi, mkono ukaenda hadi kwenye mbao. Ukasimama hapo. Akageuza shingo.

"Hapa, shemeji?"

Mama Mizani alikwenda mwenyewe. Akaweka kiganja chake cha kulia, kile kizima, juu ya ubao, akakiacha pale kwa muda, akisikiliza joto.

"Hapa," alisema.